Moshi wa Januari, tope la Aprili

Nchini Kenya moto wa msituni una wenyewe na mafuriko yana wenyewe. Moto ukishika nyasi za juu ya Mlima Elgon mwezi Januari au Februari, wanaopanda kupambana nao ni maafisa wa Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), walinzi wa Huduma ya Wanyamapori (KWS) na vijana wa vyama vya misitu vya jamii, wenye mapanga na matawi mabichi. Moshi ukiisha, ekari huhesabiwa, ripoti huandikwa na faili hufungwa. Miezi miwili au mitatu baadaye mvua huanza. Mto ukivunja kingo au ardhi ikiporomoka, faili nyingine hufunguliwa kwingine: kwa kamishna wa kaunti, kwa Msalaba Mwekundu, kwa Idara ya Hali ya Hewa. Faili hizo mbili hazikutani, nami nasema zilistahili kuwa faili moja tangu mwanzo. Moto wa kiangazi kwenye miteremko inayomwaga maji katika mito ya Suam, Koitobos, Kuywa na Malakisi ni mwanzo wa janga la mvua, na anayetoa tahadhari ya mvua bila kujua palipoungua ametoa nusu ya tahadhari.

Tuanze na udongo wenyewe. Mteremko wenye msitu au vichaka haupigwi na mvua moja kwa moja. Tone hugonga jani kwanza, likateremka shinani, likaangukia majani makavu yaliyorundikana chini, kisha likapenya polepole katika vitundu vilivyochimbwa na mizizi na wadudu. Moto huondoa kinga hiyo yote kwa alasiri moja. Tena hufanya jambo ambalo macho hayalioni: nta na mafuta yaliyomo katika majani hugeuka mvuke kwa joto, na sehemu ya mvuke huo huzama ardhini ukaganda sentimita chache chini ya uso, ukaacha tabaka linalokataa maji. Juu ya tabaka hilo hulala majivu laini, ambayo mvua ya kwanza huyageuza uji wa kuziba vitundu vilivyosalia. Udongo wa volkeno wenye mboji nyingi, kama ule wa Elgon ya juu, ukikauka kupita kiasi huweza kukataa maji hata kabla ya moto. Moto huzidisha tu. Basi mvua ambayo mwaka jana ingenyweka ardhini sasa hutiririka juu kwa juu na kufika korongoni kwa dakika chache badala ya saa nyingi. Njiani huzoa majivu, changarawe na mawe yaliyokuwa yameshikwa na mashina ya vichaka. Mkondo ukizoa vya kutosha, hauwi maji tena. Huwa kama zege iliyokorogwa, wenye uwezo wa kubeba mwamba wa tani kadhaa, na mtu hawezi kuogelea ndani yake wala nyumba ya matofali haiwezi kusimama mbele yake.

Ulimwengu umeuona mfululizo huu waziwazi mara nyingi, na mfano unaotajwa zaidi ni wa California. Desemba 2017 moto uliopewa jina la Thomas uliteketeza zaidi ya ekari 280,000. Alfajiri ya Januari 9, 2018, kabla moto huo haujatangazwa kuwa umedhibitiwa kikamilifu, mvua kali iliipiga milima iliyo juu ya mji wa Montecito, na tope lenye miamba likashuka kwenye makazi na kuua watu 23. Jumla ya mvua ya siku nzima haikuwa muuaji. Muuaji alikuwa kile kiasi kilichomwagika ndani ya dakika chache. Ndiyo maana Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, hutoa baada ya moto mkubwa ramani inayoonyesha korongo lipi lina uwezekano gani wa kutema tope mvua ya ukali fulani ikinyesha kwa dakika 15. Robo saa. Huku kwetu tahadhari za mvua kubwa hutolewa kwa milimita 20 au 30 kwa saa 24, kipimo kinachomfaa mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia anayetaka kujua kama atapanda kesho, lakini hakimwambii lolote mtu aishiye chini ya korongo lililoungua.

Hatari hiyo ya mvua za kwanza ndiyo inayoonekana kwa urahisi. Hatari ya pili huchelewa, na kwa kuchelewa kwake hakuna anayeihusisha na moto. Mti ukifa kwa moto, mizizi yake haiachi kazi siku hiyo. Huendelea kushika udongo, huku ikioza taratibu, na tafiti za misitu iliyokatwa au kuungua katika nchi mbalimbali zinaonyesha kwamba mteremko huwa dhaifu kupita wakati wote kati ya mwaka wa 3 na wa 15 hivi, kipindi ambacho mizizi ya zamani imekwisha na ile mipya haijakomaa. Wakati huo majivu yalishasahaulika, udongo umerudia kunywa maji vizuri, tena vizuri mno, na ardhi iliyolowa hadi chini hukosa nanga. Hapo haiwi tena suala la tope la korongoni. Ni kipande kizima cha mlima kinachoteleza. Mwandishi wa habari atakayefika ataandika kuwa mvua ilikuwa nyingi, na atakuwa amesema kweli, ila atakuwa ameanza hadithi katikati.

Elgon imeumbwa kwa namna inayouhitaji uangalizi huu. Ni volkeno iliyozimika zamani, yenye shimo la kileleni lenye upana wa kilomita 8 hivi, kilele cha Wagagai cha mita 4,321 kikiwa upande wa Uganda na kile cha Koitobos cha mita 4,222 upande wa Kenya. Maji ya shimo hilo hutokea mashariki kupitia genge la Suam, kisha mto hugeuka kaskazini, ukawa mpaka wa nchi mbili, na mbele kabisa ukaitwa Turkwel. Mvua huanza Machi mwishoni au Aprili na kuendelea hadi Oktoba au karibu yake. Desemba hadi Machi ni kiangazi. Miteremko ya kaskazini na mashariki, yaani ile inayotazama Suam na Endebess, ni mikavu kuliko ile ya kusini na magharibi. Juu ya mianzi na podo kuna ukanda wa vichaka vya erika, mmea ambao huwaka hata ukiwa mbichi, na juu yake nyasi ndefu zinazokaa zimekauka kiangazi kizima. Mtafiti Mjerumani Karsten Wesche na wenzake walionyesha miaka mingi iliyopita kwamba sura ya ukanda huo wa Elgon haielezeki bila moto: pale panapoungua mara kwa mara, erika ndefu kama miti hushindwa kurudi na nyasi huchukua nafasi. Kwa hiyo tunazungumzia mahali ambapo moto huja mwishoni mwa kiangazi na mvua huufuata kwa wiki au miezi michache tu. Ungeambiwa upange mwenyewe ratiba ya kuleta tope, usingepanga vingine.

Wapo watakaosema nimekosea mshtakiwa. Watataja Bududa, upande wa Uganda, nao wana haki ya kuitaja, kwa kuwa ndilo kaburi kubwa kuliko yote ya mlima huu. Machi 1, 2010, ardhi ilifunika kijiji cha Nametsi pamoja na soko na kituo chake cha afya, na watu zaidi ya 300 wakafa au kutoweka. Kabla ya hapo, mwaka 1997, maporomoko ya eneo hilohilo la Manjiya yaliua watu 48. Oktoba 11, 2018, mto Suume ulishuka Bukalasi na mawe, magogo na tope, ukaua zaidi ya watu 40. Hakuna katika hayo lililotanguliwa na moto kama chanzo. Watafiti walioyapima maporomoko 98 ya Manjiya, yaliyokuwa yamesukuma mita za ujazo milioni 11 za udongo, walitaja mvua nyingi, miteremko mikali, udongo wa mfinyanzi, ukataji wa miti na uchimbaji wa miteremko kwa ajili ya nyumba na njia. Nakubali yote. Lakini soma orodha hiyo tena kwa utulivu. Mvua, mteremko na mfinyanzi vilikuwepo maelfu ya miaka; kilichoongezwa na binadamu ni kuondolewa kwa mimea na mizizi yake. Bududa kazi hiyo ilifanywa na jembe na shoka kwa miongo mingi, na watu waliiona ikifanyika. Moto huifanya kwa siku tatu, mbali na macho, mahali ambapo hakuna anayelima na kwa hiyo hakuna anayehesabiwa kuwa hatarini. Bududa inatufundisha mlima huu hufanya nini ukivuliwa nguo, na ni somo ambalo upande wa Kenya umelipata bila kulipa karo.

Wengine watajibu kwamba upande wa Kenya ni mpole. Ni kweli kwamba anayesafiri kutoka Kitale kwenda Endebess hadi Suam haoni magenge ya Bududa. Anaona mashamba ya mahindi yaliyolala. Kosa liko katika kudhani kuwa tope huua pale linapoanzia. Huua pale korongo linapofunguka na ardhi kulainika, kwa sababu ndipo kasi hupungua na mzigo kutuliwa, na ndipo watu hujenga soko, shule na barabara. Chesegon, iliyopigwa Aprili 2020, iko chini ya ukuta wa milima, kwenye mpaka wa Pokot Magharibi na Elgeyo Marakwet. Chesongoch, iliyopoteza zaidi ya watu 20 usiku wa kuamkia Novemba 1, 2025, nayo iko chini ya ukuta huo. Usiku wa Novemba 22 kuamkia 23, 2019, Parua, Tapach na Nyarkulian katika Pokot Magharibi zilipoteza watu wapatao 50 wakiwa wamelala. Maeneo hayo hayako Elgon, wala sisemi moto ndio ulioyafikisha hapo. Nayataja kwa ajili ya jiografia: upole wa bondeni hausemi lolote kuhusu ukali wa kichwa cha korongo, na eneo tambarare lililo mdomoni mwa korongo mara nyingi liliumbwa na tope la kale.

Tena si lazima tope limfikie mtu ndipo liharibu. Aprili 29, 2024, huko Mai Mahiu, makumi ya watu walikufa baada ya maji kujikusanya nyuma ya tuta la reli ambalo njia yake ya maji ilikuwa imeziba, kisha tuta likaachia. Mahali pengi ambapo barabara au reli hukata korongo, kalvati hupimwa kwa maji, si kwa magogo yaliyoungua na mawe. Barabara ya Kitale, Endebess hadi Suam imejengwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na inakata mito kadhaa inayotoka mlimani. Mkaguzi anayepita huko Machi angefaa kujua ni kalvati zipi ziko chini ya eneo lililoungua Februari, azisafishe hizo kwanza. Mbele zaidi kuna bwawa la Turkwel, lililojengwa kati ya 1986 na 1991, lenye uwezo wa kuhifadhi maji takriban mita za ujazo bilioni 1.6 na mitambo ya megawati 106. Mwishoni mwa 2020 maji yalikaribia ukomo wake na wakazi wa Turkana walio chini yake wakatahadharishwa. Mchanga na majivu ya Suam vikifika humo havitoki. Kila kiangazi kibaya mlimani hukata kipande cha maisha ya bwawa hilo, ingawa hakuna mahali ambapo gharama hiyo huandikwa.

Kisha lipo pingamizi la wafugaji, ambalo nalichukulia kwa uzito zaidi kuliko mengine. Wanasema moto ni wa kale kuliko serikali, kwamba nyasi zilizozeeka zisipochomwa mifugo haina malisho, na kwamba moto mdogo wa mapema huzuia moto mkubwa wa baadaye. Sehemu kubwa ya hoja hiyo ina mashiko. Erika nyingi huchipua upya kutoka shinani, na moto unaopita haraka juu ya nyasi unyevunyevu hauipiki ardhi kama ule unaokaa juu ya mboji kavu mwezi Machi. Mjadala wetu umekuwa wa kivivu: kila moto una mchungaji au mrina asali wa kukamatwa, na akishakamatwa tunahisi jambo limekwisha. Sheria ya misitu ya 2016 imekataza kuwasha moto msituni bila ruhusa, na ni sawa, lakini sheria haitofautishi nyasi za uwanda wa Chepkitale na kichwa cha korongo chenye mwinamo wa nyuzi 35. Maji hutofautisha. Moto wa ekari 500 katika uwanda unaweza usilete lolote chini, na wa ekari 20 mahali pabaya ukaleta msiba. Ogiek wa Chepkitale, ambao madai yao ya ardhi yalikaa mahakamani muda mrefu, wanajua palipoungua mwaka huu, mwaka jana na mwaka juzi kuliko ofisi yoyote ya Kitale au Bungoma. Kuwafanya washukiwa wa kudumu ni kujinyima mashahidi.

Na miti je? Serikali ina mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na baada ya kila moto huja magari, miche na wapiga picha. Sina ugomvi na miche. Nina ugomvi na saa yake. Mche uliopandwa Aprili hauna mzizi wa kushika chochote Aprili hiyo, wala Aprili ifuatayo. Na kuchimba mashimo elfu kadhaa katika mteremko ulioungua juzi ni kuulegeza zaidi. Hali huwa mbaya pale mashamba ya miti ya serikali yanapoungua na magogo yakaburutwa haraka yasioze, kisha eneo likagawiwa wakulima chini ya ule mpango wa shamba walime viazi na maharage kati ya miche. Kila njia ya kuburuta gogo ni mfereji, na kila palizi inafumua udongo wakati ule ule unapohitaji kuachwa. Kwa miteremko mikali iliyoungua ningeomba kinyume chake: magogo yaachwe yalale kukingama na mwinamo, kilimo kisogezwe kwa misimu miwili, na pale panapofikika ardhi ifunikwe majani makavu, mbinu iliyopimwa Marekani na Hispania ikaonekana kupunguza mmomonyoko. Trans Nzoia haina uhaba wa mabua, ingawa mwenye ng'ombe atacheka akisikia yanapelekwa msituni, na kuyabeba hadi mita 3,000 ni ndoto. Yatafaa chini tu, kwenye misitu ya kupandwa iliyo karibu na barabara. Juu kule mlima utajitibu wenyewe ukiachwa, na kazi yetu ni kuwaambia walio chini wakae macho mpaka upone.

Hapo ndipo ninapoelekea, na si jambo ghali. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 hupita juu ya Elgon kila baada ya siku 5 hivi, picha zake ni za bure, na palipoungua huonekana wazi ukilinganisha picha ya kabla na ya baada. Nairobi, mtaa wa Kasarani, kuna RCMRD, kituo cha kanda chenye wataalamu ambao kazi yao ni ramani za namna hiyo. Ukichukua ramani ya palipoungua, ukailaza juu ya ramani ya mwinamo na ya makorongo, unapata orodha fupi ya mahali pa kuogopa. Baada ya hapo kipimo cha mvua kwenye kituo cha misitu cha Suam au lango la hifadhi la Chorlim, na mtu wa kukisoma wakati mvua inanyesha, siyo asubuhi ya pili, vinatosha kuanza. Watu wa maafa husema tahadhari zikizidi watu huzipuuza, na wako sahihi; tahadhari ya leo inayotaja Magharibi na Bonde la Ufa kwa pumzi moja ndiyo inayopuuzwa. Mtu akiambiwa kwamba korongo lililo nyuma ya shule yake liliungua Februari na kwamba mvua ya robo saa ikipita kiasi fulani asogee upande wa pili, ameambiwa kitu anachoweza kukifanya kabla ya giza.

Ramani hiyo haiwezi kuishia mtoni. Upande wa pili wa Suam ni wilaya ya Bukwo, msitu wake uko chini ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na korongo linaloungua Uganda humwaga maji katika mto ambao ukingo wake mmoja ni Kenya. Nchi hizi mbili zimeweza kujenga barabara inayokutania darajani Suam. Kubadilishana picha ya setilaiti mara moja kwa mwaka ni kazi ya barua pepe. Kinachohitajika ni tarehe na mwenye nayo. Napendekeza Machi 15, kabla mvua haijaanza kwa nguvu: KFS, KWS, wenzao wa Uganda na Idara ya Hali ya Hewa waketi Kitale na ramani moja, iliyotiwa rangi moja kwa palipoungua kiangazi hiki na nyingine kwa palipoungua katika miaka 15 iliyopita. Chifu wa kila lokesheni iliyo chini ya rangi hizo atoke kikaoni na jina la korongo lake na namba ya simu ya anayesoma kipimo cha mvua, na mkutano huo uandikiwe kasma yake katika bajeti ya maafa ya kaunti za Trans Nzoia na Bungoma, kwa kuwa usipokuwa na fungu la mafuta ya gari utafanyika mara moja tu.